Mashine ya mwanga ilivyosoma mikono ya mke wangu hapa Durban

Wakuu, habari za huko mliko.

Ninayoleta hapa yalinikuta mwenyewe, sikuhadithiwa. Sitaongeza chumvi, na nilipokosea nitasema nilikosea. Mimi ni mzee sasa, sina sifa ya kulinda.

Ilikuwa miaka miwili hivi baada ya World Cup ya hapa Afrika Kusini. Tulikuwa tunakaa flat mtaa wa Berea, na mimi na mke wangu, Mama Neema, tulikuwa na saluni ndogo mjini. Yeye anasuka, anaosha vichwa, anapaka relaxer, ile dawa kali ya kunyoosha nywele. Mimi napokea wateja na kujadili siasa za Congo.

Mama Neema akaanza kulalamikia mikono. Anasema hata maji matupu yakiigusa, inawaka moto.

Mimi nikiangalia, naona mikono iko sawa. Inang'aa. Kumbe inang'aa kwa sababu anapaka mafuta ya mgando kutwa nzima.

Nikamwambia apunguze maneno, wateja wanasubiri. Nilimwambia hivyo mara nyingi, wakuu.

Mteja wetu mmoja, dada Mkenya aliyekuwa akisoma chuo kikuu, akamsikia. Akasema kwenye maabara yao wanapima ngozi kwa mwanga, na wanatafuta watu wa saluni wajitolee.

Hakuna sindano, hakuna kukatwa nyama. Unalaza mkono juu ya kioo, mwanga unaingia kwenye ngozi ya juu na kurudi, mashine inasoma humo kuna maji kiasi gani na mafuta kiasi gani. Alisema ile ngozi ya juu ni ukuta. Inazuia maji ya ndani yasitoke na dawa za nje zisiingie.

Mama Neema alikubali haraka sana. Nikajua anatafuta shahidi dhidi yangu.

Sharti lilikuwa moja: usipake kitu mikononi tangu jana yake.

Asubuhi ya kwenda, tuko mlangoni, naona mikono yake imepauka kana kwamba imetoka kwenye unga. Sasa sisi watu wa Bukavu mnatujua. Mtu hatoki nyumbani na ngozi kavu, hata kama anaenda kununua mkate.

"Utaingia chuo kikuu hivyo, waseme mumeo hakununulii mafuta?"

"Walikataza, Papa Neema."

"Kidogo tu. Mashine itajuaje?"

Akapaka, kwa ajili ya heshima yangu.

Mashine ilijua. Yule dada alitazama mistari kwenye kompyuta, akapangusa kioo, akarudia.

"Mama, hapa nasoma mafuta tu. Ngozi yenyewe siioni. Ulipaka kitu?"

Mama Neema akatazama sakafu. Nikaelewa ananisitiri. Na mimi nikinyamaza, anaondolewa kwenye utafiti na kurudi kwenye relaxer bila jibu.

"Ni mimi nilimlazimisha," nikasema. "Niliona aibu."

Dada akacheka mpaka akashika meza. "Mzee, unaonea aibu ngozi kavu mbele ya watu wanaotafuta ngozi kavu?"

Wiki iliyofuata tukarudi, mikono mitupu. Ndani ya taxi nikamshika mkono. Ulikwaruza kama msasa. Miaka yote ile sikuwahi kuushika bila mafuta.

Dada akapima wake, kisha wangu, akaiweka mistari yetu pamoja kwenye skrini. Hata mimi niliyeishia sekondari niliona tofauti. Ukuta wangu, pamoja na uzee, bado umesimama. Wake ulikuwa umetoboka: maji yanatoka, dawa inaingia.

Akasema yeye hatibu, akatuelekeza kliniki ya ngozi. Na relaxer asiiguse tena bila glavu.

Mama Neema hakunitukana. Alisema hivi tu: "Kwa hiyo mashine imeniamini."

Eish. Ningetukanwa ningepona mapema.

Tangu siku ile kuosha vichwa ikawa kazi yangu. Wateja walinicheka, mzee mzima na aproni, wakaniita Mama Neema namba mbili. Mikono yake ilichukua muda mrefu, lakini ilipoa.

Nilichojifunza: mke akisema panauma, panauma. Usisubiri mpaka chuo kikuu kimsaidie kukueleza.

Wenye saluni, na wenye wake waliochoka kurudia maneno, karibuni mtoe yenu. Nikichelewa kujibu, mjue nina kichwa cha mtu kwenye sinki.