Nafasi ya Mtu Mmoja

Kilima cha ng'ambo ya bonde letu tulikiita Kambini. Watu wa misheni walijenga pale mabweni ya mawe ya wagonjwa wa ukoma, wakaletwa watu kutoka Mnazi hadi Muheza. Nilipokuwa mdogo mama alinituma kuwapelekea ndizi. Niliziweka juu ya jiwe la mpakani, nikaita, nikakimbia. Baadaye zikaja dawa. Wagonjwa wakapona, mabweni yakafungwa moja moja, na wenye kwao wakarudi kwao. Leo bweni lililobaki na paa ni ghala la viazi.

Mzee mmoja wa Mnazi hakurudi, kwa kuwa ndugu zake walikwisha kugawana shamba lake. Alibaki akilima kabichi kwa vidole alivyobakiwa navyo, na kila Ijumaa alishuka kuswali nasi. Alisimama mwisho wa safu ya nyuma, karibu na mlango, na kati yake na jirani yake ilibaki nafasi ya mtu mmoja.

Imamu nilikuwa mimi. Kabla ya takbira niligeuka, nikawaambia watu wanyooshe safu na kuziba mianya. Nafasi ile niliiona. Nilijua pia kwamba amepona, maana karatasi ya daktari alinionyesha mwenyewe. Lakini macho yangu yaliiruka, Mungu anisamehe, kwa miaka mingi. Na kwa kuwa mimi sikusema, hakuna aliyesogea.

Mwaka jana goti lilinishinda, nikamwachia uimamu mwanafunzi wangu. Sasa naswali kwenye kiti, na viti vyetu huwekwa pembeni mwa safu. Ijumaa ya kwanza nilikibeba changu hadi karibu na mlango, nikakiweka katika nafasi ile, nikamwamkia mzee, kwani amenizidi umri.

"Marahaba," akajibu, akitazama mbele. "Umechelewa, mwalimu."

Nikamwambia hata hotuba haijaanza.

"Sisemi ya leo."

Baada ya salamu ya kumaliza swala, yeye huondoka kabla watu hawajapeana mikono. Siku hiyo nilimnyooshea mkono wangu mapema, nikamwomba radhi. Aliushika kwa mikono yake miwili.

"Hicho kiti nitakuwa nakuwekea mimi," akasema. "Wewe na goti hilo utanizibia mlango."

Ndivyo afanyavyo kila Ijumaa. Hukiweka karibu mno, hata tukikaa kusikiliza hotuba, bega lake hugusa goti langu bovu. Sikisogezi.