Mtoto wa Tatu wa Chengo

Kabla ya kuwa mhudumu wa afya ya jamii, Mapenzi Garama alikuwa akiuza mahamri Ukunda, na wateja walimjua kwa jambo moja: hasahau jina la mtu. Kwa hiyo Chengo, mpishi wa hoteli ya Diani aliyekuwa akitibiwa kifua kikuu, alipomwambia kwamba watoto wake wote wawili wameshapimwa na ni wazima, Mapenzi alishtuka.

"Wawili? Na Sidi je?"

Chengo aliinamisha kichwa. "Yuko kwa bibi yake, kule ndani ya Lunga Lunga. Kikohozi kiliponizidi nilimpeleka, nisimwambukize."

Lakini kabla ya hapo Sidi alikuwa amelala chumba kimoja na baba yake miezi miwili. Asubuhi iliyofuata Mapenzi alipanda bodaboda.

Alimkuta Bi Nyamvula, mama yake Chengo, akifungulia mbuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Sidi alikuwa ameketi kizingitini, miaka mitatu, mifupa ya mabega imejitokeza.

"Hakohoi sana," alisema bibi. "Ila chakula hakitaki, na gauni la mwaka jana sasa linampwaya."

Mapenzi alizitambua dalili za kifua kikuu. Mtoto mdogo hawezi kutema makohozi ya kupimwa, huyameza. Lakini siku hizi maabara huweza kuvitafuta vijidudu kwenye choo. Akatoa kikopo chenye kifuniko.

"Mama, naomba choo chake."

Bi Nyamvula alicheka mpaka akaiachia kamba ya mbuzi. "Umetoka Ukunda kote huko kuja kutafuta mavi?"

"Hayo hayo, mama!"

Walimlisha Sidi papai, wakangoja. Saa sita, kimya. Saa saba, kimya. Maabara hufungwa saa kumi! Saa nane kasoro Sidi akamvuta bibi yake upindo wa leso, na wanawake wawili wazima wakapiga makofi kana kwamba kuna harusi.

"Kaza mwendo, kaka!" Mapenzi alimhimiza dereva, kikopo amekikumbatia ndani ya mkoba. Walifika mlango ukiwa bado wazi.

Kesho yake simu ililia. Mtaalamu wa maabara alisema, "Ni kifua kikuu. Umemuwahi."

"Tumempata!" Mapenzi alipiga kelele katikati ya njia. Kisha akakumbuka kwamba aliyepatikana na ugonjwa ni mtoto, akaketi kando ya njia, akalia kidogo. Alipofuta machozi alimpigia Chengo, na jioni hiyo baba alikuwa Lunga Lunga na vidonge vya kuyeyusha majini, vyenye ladha ya matunda.

Wiki ya sita ya dawa Bi Nyamvula alipiga simu mwenyewe, sauti juu.

"Mapenzi! Sidi amemaliza ugali wake, akala na wangu!"

"Alhamdulillahi! Na wewe umekula nini, mama?"

"Sijali! Nimelala njaa kwa furaha!"