Nusu Saa ya Busia ya Zamani

Niliporudi nyumbani na kutangaza kwamba nitatembeza wageni kwa gari katika mtaa wa zamani wa Busia, watu watatu waliniambia sitaweza. Mjomba wangu wa Butula alisema jua la Uarabuni limenipanda kichwani. Ofisa wa vibali alisoma fomu yangu mara mbili, akaniuliza kama sikumaanisha Kisumu. Na mwenyekiti wa stendi ya pikipiki pale karibu na mpaka alicheka hadi akashika usukani wa pikipiki yake asianguke.

"Boss, Busia watu wanapita tu," aliniambia. "Hakuna mtu amewahi kuja Busia. Utawaonyesha nini? Foleni ya malori?"

Niliifanya kazi hiyo miaka kumi na minne. Wote watatu walipanda gari langu kabla sijastaafu, na mjomba alipanda mara mbili. Nalisema hili mapema ili kijana anayesoma ajue anafundishwa na nani.

Siku yangu ya kwanza katika kazi hii ilikuwa mbali na Busia. Ilikuwa Mombasa, Mji wa Kale, katika gari dogo la abiria wanane. Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango na kugawa maji. Mwongozaji Mkuu alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye viatu vilivyong'aa kuliko gari lenyewe. Asubuhi ile dereva alisimama mbele ya nyumba moja yenye mlango wa nakshi, na mimi, kwa kutaka kuonekana najua, nikaanza kuwaeleza wageni habari za mlango ule. Mwongozaji Mkuu aliniacha nimalize. Wageni waliposhuka akaniita kando.

"Wewe wa bara, ule mlango umeujua lini?"

"Leo, mzee."

"Basi leo uutazame. Kesho ndiyo uuseme."

Yeye ndiye aliyenifundisha misingi. Alinifundisha upande wa mgeni, maana yake dereva asimamishe gari ili dirisha la mgeni ndilo lielekee jengo, si dirisha lake mwenyewe. Alinifundisha pia hadithi ya dirisha, yaani maelezo mafupi yanayoanza jengo linapoonekana na kwisha linapopotea, bila gari kusimama. Hadithi ya dirisha ikikushinda, alisema, kazi hii imekushinda, kwa sababu barabara haitakungoja umalize sentensi.

Kutoka Mombasa nilivuka bahari kwenda Ghuba, nikaendesha basi la wazi la ghorofa mbili katika mji mkongwe ambao nusu yake ulikuwa umejengwa upya ufanane na mkongwe. Wageni walivaa vidude masikioni, sauti iliyorekodiwa ikazungumza kwa lugha kumi, nami nikaendesha tu. Msimamizi wa Zamu alitembea na saa mkononi. "Dakika arobaini," alikuwa akisema. "Baada ya hapo mgeni anawaza chakula." Kila Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilisoma. Wenzangu walilala, mimi nikasoma, nikapata diploma ya uongozaji wa watalii na usafirishaji. Nimeitundika sebuleni, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione kabla hajakaa. Hakuna aliyenishika mkono kuipata.

Lakini huko, juu ya basi lile, nikisikia sauti ya mashine ikisifu kuta za watu wengine, nilikuwa nikiikumbuka Busia. Nilikumbuka mstari wa maduka yenye veranda nyuma ya msikiti, harufu ya mikeka ya kuanikia dagaa wa omena, na kizuizi cha mbao kilichoinuliwa kwa kamba. Zaidi ya yote nilikumbuka baiskeli. Zamani, kati ya lango letu na lango la Uganda palikuwa na mwendo mrefu ambao gari bila karatasi halikuruhusiwa kupita. Mtu mwenye mzigo alitembea juani. Ndipo vijana wenye baiskeli wakaanza kuwabeba watu nyuma, kwenye kiti cha sifongo, wakiita, "Boda! Boda!" yaani mpaka hadi mpaka. Nilikua nikisikia sauti hizo kabla sijajua kusoma. Nilipokuwa Ghuba nilidhani nitarudi nizikute.

Nikakuta vigae, vioo, na jengo kubwa la kisasa la forodha. Kizuizi cha mbao hakikuwepo. Nusu ya veranda zilikuwa zimebomolewa. Baiskeli zilikuwa zimekwisha, pikipiki zimekaa mahali pake, na vijana waliozipanda hawakujua jina la kazi yao lilitoka mita mia mbili kutoka walipoegesha.

Nikanunua tuktuk. Nikaondoa mapazia ya pembeni, nikainua paa kidogo ili mtu mrefu atazame nje bila kuinama, nikapanga njia ya nusu saa yenye vituo vitano. Kila Jumamosi nilikwenda Malaba kuonyesha stesheni ya reli na nyumba za zamani za wafanyakazi wake, lakini moyo wa kazi ulikuwa Busia.

Tatizo lilikuwa kwamba vituo vitatu kati ya vitano havikuwa na kitu cha kuona. Unasimamisha gari vizuri kabisa, upande wa mgeni, kisha unamwonyesha duka la simu. Hapo ndipo nilipobuni njia ambayo sikufundishwa Mombasa wala Ghuba. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikaazima picha za zamani. Nikifika kituoni ninainua picha, ninaipanga na jengo jipya mpaka ukingo wa barabara ukutane na ukingo wa barabara, na mgeni anaona miji miwili kwa wakati mmoja. Niliiita picha ya mkono. Bwana Twaha, mwenye duka la vitambaa, alinipa ya veranda za baba yake. Karani mstaafu wa forodha alinipa ya kizuizi cha mbao. Na Mama Nabwire wa Matayos alinipa ya mumewe.

Mumewe, Wandera, alikuwa mmoja wa vijana wa baiskeli. Katika picha amesimama na baiskeli yake kati ya malango mawili, shati limefungwa kifuani kwa kifungo kimoja, nyuma yake mwanamke mwenye kuku wawili anajitayarisha kupanda. Ilikuwa picha yake pekee duniani. Mama Nabwire aliishika muda mrefu kabla ya kuiachia.

"Usiitoe nakala," alisema. "Sura ya mtu aliyekufa haibandikwi kila mahali kama mgombea. Na siku nikiitaka, uilete wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Nikakubali. Nikaiweka katika bahasha ngumu kwenye kiti cha mbele pamoja na zile nyingine. Katika tuktuk yangu ilikuwa sheria kwamba picha hiyo ikitoka, simu zote zinakaa mapajani.

Sasa nifike kwenye kosa langu, kwa sababu kijana anayeanza atalifanya pia. Wageni walipomwona Wandera waliuliza swali moja tu: "Huyu ndiye wa kwanza?" Mwanzo nilijibu kwamba alikuwa miongoni mwa wale wa zamani. Niliona nyuso zikilegea. Siku moja nikasema, "Ndiyo." Nyuso zikawaka. Basi nikaendelea. Kufikia mwaka wa tatu Wandera alikuwa mwanzilishi wa boda boda duniani, na mimi nilikuwa nikilisema jambo hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya ukoo. Hakuna kituo kilichopendwa kama kile.

Mwaka wangu wa mwisho, kijana mmoja wa Kampala aliinua simu bila mimi kuona, akampiga Wandera picha. Ikasambaa mitandaoni, na chini yake maneno yangu mwenyewe. Wiki haikuisha Mama Nabwire aliniita.

Nilimkuta uani akichambua maharagwe. Hakuniambia nikae.

"Umefanya mume wangu kuwa mwongo, na hayupo ajitetee."

"Mama, nilimsifu."

"Nani alikuomba? Mwezi ujao tunajengea kaburi lake. Watoto wamekusanya saruji. Unajua wazee wa baiskeli wamesema nini?"

Nilijua. Wale waliobeba watu mpakani zamani wana desturi yao. Kaburi la mwenzao likijengewa, wanakuja na kengele za baiskeli mikononi, hata kama baiskeli ziliuzwa siku nyingi, wanalizunguka na kuzipiga, kama walivyopiga wakikaribia lango. Asiyepigiwa kengele ni kama hakuwa mwenzao. Na sasa walikuwa wamesema kwamba mtu aliyejifanya wa kwanza kuliko wote ajipigie mwenyewe.

"Miaka ishirini alivuka na hao watu," Mama Nabwire alisema. "Ajengewe kama mgeni kwa ajili ya mdomo wako? Rekebisha. Kisha lete picha yangu."

Sikuwa nimewahi kuambiwa hivyo na mtu asiye mkubwa wangu wa kazi. Nilimtafuta Mzee Ekisa, mkubwa wa wale wazee, anayeishi upande wa Alupe. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Mimi ndiye nilimfundisha Wandera kubeba mtu," alisema. "Siku ya kwanza alimwangusha mama mmoja na mayai yake. Mayai yote! Sasa wewe unasema dunia nzima ilijifunza kwake?"

"Nilikosea, mzee. Basi wa kwanza ni nani, niseme ukweli?"

Alifumbua macho. "Hata sisi hatujui. Tuliona tu mtu amebeba mtu. Kesho yake tukabeba wote."

Nikamwomba apande gari langu, yeye na wenzake wanne, nami nieleze njia nzima mbele yao, wao wanirekebishe. Walikuja wakiwa wamechomekea mashati. Tuktuk ile haikuundwa kubeba wazee watano, mmoja alikaa karibu yangu akishikilia bahasha ya picha magotini. Nilikuwa na diploma, nilikuwa nimetembeza wageni katika nchi mbili, na jasho lilinitoka kama siku ile ya Mombasa.

Walinirekebisha kila mahali. Veranda ya Bwana Twaha haikuwa ya kijani, ilikuwa ya samawati. Kizuizi kilikuwa kikiinuliwa upande wa kushoto. "Simama hapa! Hapa palikuwa na fundi wa spoku za baiskeli!" "Uongo, alikuwa ng'ambo!" "Ng'ambo alihamia baada ya kuoa!" Nusu saa yangu ikawa saa mbili. Malori yalitupigia honi, askari wa barabarani akaja kutufukuza, Mzee Ekisa akamwuliza baba yake ni nani, na alipotajiwa akasema, "Huyo nilimvusha na godoro." Askari akasimamisha magari mengine ili tumalize.

Tulipofika kati ya malango, nikatoa picha ya Wandera. Wale wazee wakainama kuitazama. Walikuwa hawajawahi kuiona, walikuwa wamesikia tu habari zake. Nikasema, kwa sauti yangu ya kawaida, kwamba huyu ni Wandera, hakuwa wa kwanza wala wa pili, alijifunza kwa Ekisa, na siku yake ya kwanza alivunja mayai.

Mmoja wao aliichukua akaisogeza karibu na jicho lake zima. "Huyo mama wa kuku," alisema, "huyo alikuwa haulizi bei. Alikuwa anakupa kuku mmoja Krismasi." Picha ikapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyeharakisha kuirudisha kwangu. Nje palikuwa na vigae na vioo, lakini wale watu watano hawakuwa wakivitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikuona haja ya kuinua kitu chochote kuwaonyesha mahali palipokuwa.

Mzee Ekisa alishuka wa mwisho. "Jumamosi ya kaburi," alisema, "utatubeba. Miguu yetu haifiki Matayos."

Niliamua Jumamosi hiyo ndiyo itakuwa siku yangu ya mwisho kazini. Wiki moja kabla nilianza kurudisha picha. Bwana Twaha alinikaribisha chai, akaitazama veranda ya baba yake, akaitundika palepale juu ya marobota ya vitambaa. Karani mstaafu alikuwa amefariki, nikampa binti yake, naye akaniuliza ile kamba ilikuwa ya nini. Nilimweleza, kwa dakika moja tu. Ilibaki picha moja.

Matayos palijaa watu. Saruji ilikuwa bado mbichi, na fundi alikuwa ameacha nafasi ya fremu ya kioo. Mama Nabwire alininyooshea mkono. Niliomba kwanza niseme neno, na watu waliponyamaza niliinua picha mara ya mwisho.

"Wandera," nilisema. "Alivusha watu."

Ndiyo hadithi fupi kuliko zote nilizowahi kusema, na sikuongeza kitu. Wazee watano wakatoa kengele mifukoni, wakalizunguka kaburi taratibu, wakipiga. Kengele ya mmoja wao ilikuwa imeshika kutu na haikulia, akawa anaigonga kwa kucha. Mama Nabwire alilia bila kujificha. Kengele zilipotulia nikampa picha yake, kwa mkono wangu kama alivyosema. Aliifuta kwa ncha ya leso, akaitazama, akanitazama.

"Mbona amenenepa? Umemlisha sifa miaka yote hii."

Watu walicheka, hata fundi, na nikacheka nao. Kisha aliigeuza akampa fundi, na fundi akaifungia ndani ya kioo.

Nilipowashusha wazee nilirudi Busia peke yangu kwa njia ya mtaa wa zamani, nikipita vituo vyangu vyote bila kusimama. Sikuwa na kitu cha mtu tena. Na kila nilipokaribia kona, mkono wangu wa kushoto ulitoka wenyewe kwenye usukani, ukapapasa kiti kitupu.