Hibiskus Juu ya Shimo

Juzi, nikitoka shule, niliona hibiskus ya watu imepanda ukutani, majani mabichi katikati ya kiangazi, imejaa vumbi la malori kama bibi arusi aliyezidisha poda. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka.

Ya kwetu kule mtaani Musonoi, tata, yaani baba, aliipanda mchana mmoja uani, pale yaya Dieudo, kaka yetu mkubwa, alipokuwa akichimba kobalti. Kila nyumba ilichimba uani kwake. Udongo ulikuwa umeporomoka, na majirani walifukua mpaka wakachoka. Mimi niliambiwa tu: "Yaya yako alibakia kule chini." Na mimi, mwerevu wa familia, nikaelewa kwamba kazi yake haijaisha.

Tata alishindilia mizizi kwa kisigino. Mama akanipa kopo la maji nimwagilie, na udongo ukanuka kama mvua ya kwanza.

"Tata, uko unafunga mulango," nikamwambia. "Yaya atatokeya wapi?"

Akashindilia tena. Basi nikainama, nikaita kwa nguvu: "Yaya Dieudo! Maji inakuya, funga kinywa!"

Mama akacheka. Alicheka kwelikweli, mpaka kikwembe kikamdondoka begani. Kisha akalala kifudifudi, akaweka sikio juu ya udongo uliolowa.

Leo najua hakukuwa na mtu wa kujibu, na mama alijua siku ile ile. Lakini mimi nililala kando yake, nikanong'ona, "Mama, anasema nini?"

"Nyamaza, mutoto," akasema. "Tusikie kwanza."