Maji ya Kujaribia

Fundi wa mabomba huingia kazini mwenye nyumba akiwa ameshachoka. Wa kwanza kuja ni mchimbaji wa msingi, naye humkuta mwenye nyumba bado mchangamfu, chai inaletwa na birika nzima. Anafuata fundi wa mawe, kisha wa mbao na mabati. Sisi tunaitwa kuta zikiwa zimesimama na plasta haijapigwa, na kama mambo yameharibika njiani hatuitwi kabisa. Hilo hakuna mwalimu aliyetuambia chuoni. Tulifundishwa kupinda bomba, kukata nyuzi za skrubu kwenye ncha yake, kuzungushia katani kwenye kona ili pasivuje. Tukafanya mtihani wa gredi, tukapewa vyeti, tukapigwa picha mbele ya karakana tumenyoosha kola. Kwamba mji mzima ungeishia kwenye linta, ule mshipi wa zege unaopita juu ya madirisha, tulijionea wenyewe baadaye.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, watumishi wa serikali walipokuwa wakipunguzwa kazini. Machakos ni mji wa ofisi. Waliokuwa wakijenga wengi wao walikuwa makarani, madereva wa wizara, matarishi wa siku nyingi, watu wa kujenga kwa mshahara: mwezi huu mawe, mwezi ujao simiti. Mshahara ulipokatika, nyumba zikabaki zilivyokuwa siku hiyo. Ukiingia mjini kutoka upande wa Kola uliziona kando ya barabara, kuta bila paa, nyasi zimeota sebuleni, mbuzi wa jirani amelala mahali palipokusudiwa kuwa jikoni.

Nilizizungukia zote. Nilikuwa na mfuko wa turubai wenye spana mbili za bomba, msumeno wa chuma, tindo na nyundo, na nilitembea nao kila mahali hata nilipokwenda kununua chumvi, maana huwezi kujua. Walinzi wa hayo majengo walinizoea.

"Wewe tena, fundi?" mmoja aliniambia. "Jaribu baada ya Pasaka."

Baada ya Pasaka nikaenda.

"Jaribu Disemba. Lakini nikuambie ukweli, hata mimi sijui kama bado niko na kazi hapa. Sijaona mtu."

Wenzangu wa darasa waliona mbali kuliko mimi. Mmoja alinunua baiskeli akawa anabeba watu, mwingine akaenda Athi River kwenye viwanda vya nguo akawa anapiga pasi suruali za jinzi, mwingine akarudi kwao Katelembo kuuza nyanya. Tukikutana sokoni tuliulizana, "Uko wapi siku hizi?" na kila mtu alijibu haraka haraka kisha akauliza habari za nyumbani. Bomba hakuna aliyelitaja. Ungedhani tulikuwa tumefungwa jela pamoja.

Mimi niliendelea. Sitajisifu kwamba ulikuwa uvumilivu, ulikuwa ubishi tu, nimezaliwa nao. Mama yangu alikuwa Kola, na kila Jumapili wanawake wa kanisa walimuuliza kama mtoto wake amepata kazi. Alikuwa akiwajibu kwamba ninangoja kuitwa. Aliendelea kujibu hivyo mpaka jibu lenyewe likamchosha, na siku moja nilipokwenda kumsalimia hakuningoja nikae.

"Mwanakwa, mjomba wako anasema kuna nafasi kwa lori. Nimemwambia utaenda."

Mjomba alikuwa na lori la kuchota mchanga mtoni na kuupeleka Nairobi. Nafasi yenyewe ilikuwa ya kupakia, wewe na sepetu yako, kuanzia alfajiri.

"Mwaitu, niko na kazi inakuja," nilimwambia mama.

"Inatoka wapi hiyo kazi na haifiki?"

Vijana wa mchanga niliwajua, na sikuwadharau, walikula kwa jasho lao kuliko mimi niliyekuwa nikila kwa jasho la mama. Ila niliogopa. Niliowafahamu walioteremka mtoni kwa muda, wakingoja mambo yatengenee, hakuna niliyemwona akirudi kwenye kazi aliyosomea. Jioni walikuwa wamechoka mno hata kuulizia kazi nyingine, na baada ya miezi michache watu walisahau kuwaita fundi. Nilimwomba mama anipe mpaka mwisho wa mwezi. Mjomba akakubali kunishikia nafasi hadi hapo, si siku moja zaidi.

Kazi ikatokea kweli. Kulikuwa na mama mmoja mjane, wa zile familia za Kiislamu za mjini ambazo babu zao walitoka pwani. Aliuza leso na vitambaa karibu na soko, na kwa kuwa hakutegemea mshahara wa serikali, nyumba yake ilikuwa imevuka linta na kuezekwa. Fundi wake wa mawe alikuwa ameniona nikipitapita na mfuko wangu, nadhani akanihurumia, akanitaja kwake. Aliniita, akanitazama kuanzia viatu, akaniambia masharti kabla hata hajaniuliza nilisomea wapi.

"Mimi plasta sipigi mpaka nione maji kwa macho yangu. Dada yangu alipigiwa plasta, ukuta ukaanza kutoka jasho, wakabomoa sebule nzima. Kila mfereji nitaufungua mimi mwenyewe. Pasipovuja, vile vyumba vya kupangisha ninavyotaka kujenga huko nyuma vyote ni vyako."

Nilikwenda nyuma nikaangalia. Msingi wa safu nzima ulikuwa umeshachimbwa. Kila chumba kingekuwa na sinki, choo cha kuvuta maji na bafu lake. Nilisimama pale nikiona mabomba ambayo hayapo yakipita kwenye kuta ambazo hazipo. Hiyo ilikuwa kazi ya miezi, na wapangaji wangesema, na wenye plot wengine wangeuliza ni nani alifunga. Nikiipata, lori la mjomba lingekwenda mtoni bila mimi.

Nilifanya kazi ile kama mtu anayeandika jina lake. Nilichonga kuta kwa tindo bila kupasua jiwe moja bure, nikalaza mabomba, nikafunga kila kona kwa katani niliyoisokota mwenyewe pole pole. Tangi likawekwa juu ya kichanja cha vyuma nyuma ya nyumba. Ilipobaki kujaribu tu, mwezi ulikuwa unaelekea ukingoni, na hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho ningepaswa kukikumbuka tangu siku ya kwanza: bomba linajaribiwa kwa maji, na Machakos haikuwa na maji.

Bomba la mji lilipita mbele ya plot yake na mita ilikuwa imefungwa vizuri. Ukifungua lilitoa hewa, likanguruma kidogo, likanyamaza. Ukame ulikuwa umeshika, mtaa ulipewa maji kwa zamu, na zamu yetu hakuna aliyekuwa na habari nayo. Nilingoja siku mbili tatu nikiweka sikio kwenye mita. Mwishowe yule mama akasema tununue, akaita mtu wa mkokoteni.

Mwenye mkokoteni alileta mitungi akaipanga chini ya kichanja. Kupandisha hakukuwa kazi yake, aliniambia wazi. Basi nikapanda mimi. Mtungi begani, mkono mmoja kwenye ngazi, unafika juu unamwaga, unashuka, unachukua mwingine. Yule mama alikuwa ameketi kwenye tofali kivulini akinitazama. Kila nilipofika chini aliniambia, "Pole, mwanangu," nami nikamwambia nimeshapoa. Moyo wangu ulikuwa mwepesi. Nilikuwa ninafanya kazi niliyosomea.

Tangi lilipopata maji ya kutosha nikafungua valvu. Nilisikia maji yakishuka ndani ya ukuta, na nakiri machozi yalinilengalenga, mtu mzima mimi. Nikapita chumba hadi chumba nikigusa kila kiungo kwa kidole. Jikoni nikakuta unyevu kwenye kona ya chini. Nikapangusa kwa shati, nikangoja, nikagusa tena: pakavu. Yalikuwa maji ya mkono wangu mwenyewe.

"Sasa yakae mpaka kesho," nilimwambia yule mama. "Bomba linaweza kudanganya saa moja. Usiku mzima haliwezi."

Akakubali, lakini alitaka kwanza kufungua mfereji mmoja tu, ule wa nje uani, ayaone maji yake. Akafungua. Maji yakatoka kwa nguvu, akacheka, akanawa uso. Jirani aliyekuwa akipita njiani na mtungi mtupu akasimama.

"Ala! Maji yamerudi!"

Kabla sijasema neno alishapiga kelele mtaa mzima. Watu walikimbilia kwenye mifereji yao, wakakuta hewa, wakaja kwetu na mitungi, ndoo, sufuria, na hasira kidogo pia.

"Kwetu hakuna na kwake yako? Kwani mliunganishiwa na nani?"

Nikajaribu kueleza kwamba haya si ya mji, ni ya mkokoteni, nimeyapandisha mimi na mabega haya, ni ya kujaribia bomba. Hakuna aliyenisikiliza. Mbele ya foleni alikuwa mama mmoja na mtoto mgongoni, ameshaweka mtungi chini ya mfereji.

"Mama, tukiwapa bomba litakuwa halijajaribiwa," nilimwambia mwenye nyumba kando.

"Mtu amekuomba maji, utamwambia unapima bomba?" alinijibu. Akafungua mfereji mpaka mwisho.

Tangi likaisha maji. Foleni ilitawanyika, wengine wakimwombea dua, wengine wakinung'unika kwamba wamenyimwa. Nilikaa kwenye ngazi ya chini kabisa. Sikumkasirikia, nisingeweza, lakini nilichoka uchovu ambao kulala hakuuondoi.

Kesho yake mkokoteni ukarudi nami nikapanda tena. Safari hii nililegeza skrubu ya mfereji wa uani nikaondoa kabisa kishikio, nikakitia mfukoni. Yule mama alitazama zaidi kuliko siku ya kwanza. Hakuniambia pole sana. Alikuwa akihesabu kitu kichwani, nami nilidhani ni hesabu za vyumba vyangu. Maji yakakaa.

Asubuhi nilifika kabla hajaenda dukani. Tukapita pamoja. Alikuwa na leso nyeupe kuukuu, akaipitisha kwenye kila kona, kila tii, kila soketi, hata zile za juu alizozifikia kwa kupanda kiti. Kila mara aliigeuza leso akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na vumbi la simiti tu. Akafungua mifereji mmoja mmoja, akafunga, akavuta choo mara mbili. Tulipofika mlangoni akaikunja leso.

"Mashaallah. Kazi yako ni safi, mwanangu. Nimeona mafundi wazee hawafungi hivi."

"Asante, mama. Basi vile vyumba tunaanza lini?"

Alitazama upande wa uani, kulikokuwa na ngazi na mitungi mitupu.

"Nimekuangalia siku hizi mbili vile umeteseka," alisema. "Nikajiuliza, hao wapangaji nani atawapandishia maji? Wewe hutakuwa hapa. Mimi kwa umri huu siwezi. Nitaweka sinki na vyoo vya kuvuta, vikauke, mtu anikatie kodi kwa sababu ya maji ambayo sina? Vyumba nitajenga. Lakini bomba sitaweka. Kila mtu atabeba mtungi wake kama wenzake."

Nilimwambia maji yatarudi. Nilimwambia ukame hauwezi kukaa milele, kwamba ni rahisi kuweka bomba sasa kuliko kubomoa ukuta kesho, na yote yalikuwa kweli, na yeye aliitikia kwa kichwa kila nilipomaliza. Uso wake ulikuwa na huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko matusi. Laiti bomba lingevuja. Ningemlaumu mwalimu, au katani mbaya, au mikono yangu, ningejua nimeangukia wapi. Lakini bomba halikuvuja hata tone. Kilichomfungua macho ni kuniona mimi nikiyabeba yale maji kwenda juu, mtungi baada ya mtungi, ili kumwonyesha jinsi nilivyo fundi.

Nikaanza kukusanya vifaa. Spana, msumeno, tindo. Mwisho wa mwezi ulikuwa keshokutwa. Nilimrudishia kishikio cha mfereji, akakipokea, na hakuondoka.

"Ila choo lazima kiwepo," alisema. "Cha shimo, kule mwisho wa plot. Na sijui nitampa nani, watu wa siku hizi wanachimba nusu wanatoroka. Wewe nimekuona. Wewe ukianza kitu unamaliza."

Nilifunga mfuko nikasimama nao. Nilimfikiria mama yangu Jumapili, amezungukwa na wale wanawake mbele ya kanisa. Nilifikiria lori la mjomba. Hasira ilikuwepo, lakini haikuwa na mahali pa kwenda, nikaona hata yenyewe imechoka. Kule nyuma ardhi ilikuwa kavu na ngumu, ya mawe, ya kuvunja kwa sururu.

Nikamuuliza analitaka shimo la futi ngapi.