Salamu za Mwisho Katika Redio ya Kantri

Ilianza Jumapili, saa nane kamili mchana, Baba alipotangaza redioni kwamba kituo kinafungwa siku hiyo hiyo, kipindi chake kikiisha saa tisa. Mama alikuwa anamenya viazi. Mimi nilikuwa kando ya redio na simu mkononi, kama kila Jumapili. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Tulisikia pamoja na wasikilizaji wengine.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mazulia, hapa Hayes, ughaibuni, karibu na uwanja wa ndege. Kilianzishwa na mzee mmoja wa Ireland, fundi wa kupiga lipu, aliyetaka wenzake wa mjengo wawe na nyimbo za kantri wakipumzika. Wenzake wakazeeka, wengine wakarudi kwao, wengine wakafa. Waliobaki kusikiliza, kumbe, ni Wakenya wanaofanya kazi uwanja wa ndege, waliokua wakisikia nyimbo hizo hizo nyumbani, Jumapili baada ya kanisa. Baba, mpakiaji mizigo, alikuwa mmoja wao. Siku moja akapanda zile ngazi na sahani ya chapati, akaomba saa moja ya Kiswahili. Mzee alimaliza chapati zote kabla ya kujibu. Akasema sawa, ila asiongee sana.

Baba aliongea sana. Alileta salamu, kama redio za kwetu: unataja unaowasalimia, halafu unamalizia na ujumbe. Watu wa mtaa wa Hounslow waliwasalimia watu wa mtaa wa Peckham ambao wangeweza tu kuwapigia simu. Kisha mzee akafariki, mwanawe akauza jengo, na sasa lingekuwa flati.

Baba alikuwa amehamia chumba cha kupanga Hounslow nilipokuwa na miaka kumi na tatu. Yeye na Mama hawakugombana. Waliacha tu kuongea. Lakini kila Jumapili Mama alinitajia salamu, nami nikazituma kwa jina la Mama Mmoja wa Hayes. Alisalimia akina mama wa kanisani, jirani wa chini, wenzake wanaotunza wazee. Ujumbe: boila ya kupasha maji imekufa tena. Baba aliusoma kwa sauti yake ya kawaida, na katikati ya wiki, Mama akiwa shifti, akaingia kwa ufunguo wake wa zamani, akaitengeneza. Ujumbe: mtoto ana kikohozi. Akaleta dawa. Wasikilizaji walidhani ni mzaha. Mmoja alituma kusema huyo mama si aolewe tu na fundi, na Baba akaisoma hiyo pia. Mama alicheka mpaka akatafuta kiti.

Nilijua hawana njia nyingine ya kuongea. Mimi sikufaa kuwa njia. Mtu akiniuliza kitu naangalia viatu vyangu. Kwa hiyo siku hiyo niliomba kimoyomoyo Mama aseme jambo moja tu, kwamba Baba arudi.

Alingoja mpaka karibu saa tisa. Akawataja watu wake wote polepole, akaniambia nisisahau hata mmoja. Halafu akaosha mikono.

"Na ujumbe?" nikauliza.

"Andika, ufunguo wa nyumba auache kwa jirani wa chini."

Sikuandika. Nikamwambia hakuna Jumapili nyingine.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana."

Niliandika *rudi nyumbani*. Sitadanganya, niliandika. Akilini nikamwona Baba akija na mabegi yake, anatabasamu, na Mama amefungua mlango hajui amekuja kufanya nini. Nikafuta. Nikaandika maneno ya Mama, nikatuma.

Baba alisoma majina yote bila kuruka. Akafika kwenye ujumbe, akausoma pia, sauti ile ile.

"Ujumbe umefika, mama," akasema, akaweka wimbo.

Wimbo ulipoisha hakuna mtangazaji aliyefuata. Redio ilibaki inanguruma. Mama akaizima, akabandika viazi, tukala, na baadaye akapiga pasi yunifomu yake na yangu.

Kesho yake asubuhi jirani wa chini alipiga hodi, nikamfungulia. Ni nyanya wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake kizuri kuliko changu.

"Babako amepita alfajiri," akasema. "Nikamwambia ingia unywe chai. Amekataa. Miaka yote hajawahi kukataa chai yangu."

Akaniwekea ufunguo kiganjani. Nilimshukuru nikiangalia slipa zake.

Mama alikuwa anafunga koti. Nikampa ufunguo. Aliugeuza upande huu na huu, akautia kwenye mfuko anaowekea glavu zake za kazi, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula. Nikachukua begi langu, nikaenda kungoja basi.