Namba Niliyoigongea Mhuri

Nina mhuri wangu mwenyewe, wa duara, wenye wino wa zambarau, na sioni haya kusema kwamba naupenda. Niliuchongesha mwaka wa tatu tangu nifungue ofisi yangu ya ufundi wa kompyuta pale Mabatini, baada ya kuchoka kuulizwa na wateja, "Fundi yuko wapi?" nikiwa nimekaa mbele yao na bisibisi mkononi. Mtu akishauona mhuri, habari ya fundi kuwa mwanamke inakwisha hapo hapo, tunaanza kuzungumza kazi.

Kazi iliyonipa jina si kutengeneza, ni kupima. Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini kwetu zimeshatumika nchi za watu, zimekuja Mwanza kuanza maisha ya pili, na wanunuzi walikuwa wakizichagua kama viatu. Inang'aa, haing'ai. Wengine waliibeba wakasikilizia uzito. Wengine waliiwasha, wakaona imewaka upesi, wakaridhika. Mimi nilikuwa na programu ya kupimia, iko kwenye flashi. Ukiichomeka, inaifanyisha kompyuta kazi za mtu wa ofisini: inaandika barua, inafungua jedwali kubwa, inapitia kurasa za mtandao, inapunguza picha, inaigiza simu ya video, huku ikihesabu kila kazi imechukua muda gani. Baada ya dakika kama arobaini inatoa namba moja. Namba ikiwa kubwa, mashine ni nzuri. Naichapa, nasaini, nagonga mhuri, mteja anaondoka na karatasi yake ameishika kwa mikono miwili.

Niliiamini namba ile vibaya sana. Muuzaji akileta maneno yake matamu, namba inamnyamazisha. Mteja akija na kelele kwamba jirani yake kanunua nzuri zaidi, namba inamtuliza. Nilishawahi kubishana na mwanamume mmoja wa Buzuruga kuanzia asubuhi hadi chai imepoa, na nikamshinda kwa karatasi. Nilitembea nimenyoosha shingo.

Basi shule moja ya sekondari upande wa Sengerema ikaniagiza niinunulie kompyuta ya mezani kwa ajili ya ofisi ya taaluma. Nilipima mashine saba, nikawachagulia iliyotoa namba kubwa kuliko zote. Kwa wema wangu nikaiwekea na programu ya kukinga virusi, kali kweli, inayokagua kila kinachoingia na kutoka. Nikagonga mhuri mara mbili, moja kwenye karatasi ya kipimo na nyingine kwenye risiti, bila mtu kuniomba.

Muhula haujafika katikati, mwalimu wa taaluma akanipigia simu. Alikuwa mtu mstaarabu, hapandishi sauti.

"Dada fundi, ile kompyuta uliyotupimia, karani wetu anasema ni nzito. Alama za mtihani hazijaisha kuingizwa mpaka leo."

Damu ilinichemka. Nzito, mashine yangu? Nikamuuliza kama karatasi ya kipimo anayo. Akasema anayo, imebandikwa ukutani. Nikamwambia aisome vizuri. Kisha nikasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka natamani kujificha chini ya meza: "Mwalimu, kipimo hakina shida. Mwangalie mtumiaji."

Akanishukuru. Nilikata simu nikiwa nimeridhika kabisa.

Wiki mbili baadaye akapiga tena. Safari hii alitaka nivuke ziwa niende shuleni, nipime upya na kuandika taarifa ya kitaalamu kwamba mashine ni nzima. Nikauliza taarifa ni ya nini. Akaeleza kwamba yule karani, mama mtu mzima aliyebakiza miaka miwili kustaafu, wanataka kumhamishia stoo ya vitabu, na kompyuta apewe mtu mwepesi zaidi. Mkuu wa shule alikuwa anasita, kwa sababu mama huyo ameingiza alama za shule tangu enzi za taipureta. Taarifa yangu ingemaliza kusita kwake.

Hapo ndipo nilianza kujisikia vibaya, ingawa sikukubali mara moja. Nilijiambia mimi napima mashine, sipimi watu. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshampima, kwenye simu, bila hata kumwona.

Siku hizo daraja kubwa lilikuwa halijafunguliwa, nikavuka kwa kivuko na begi langu mapajani. Mhuri niliufunga kwenye kitambaa usichafue nguo. Nilipofika ofisini nilimkuta mwalimu wa taaluma, na pembeni kwenye kiti cha mbao, mama mwenye miwani iliyoshikwa na uzi, flashi ikining'inia shingoni kwa utepe mwekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Mwanza?"

Alinipisha kwenye kiti chake, akasimama kando. Nikachomeka kipimo changu. Kwa dakika arobaini tukaiangalia ile mashine ikijifanyisha kazi: barua zikafunguka na kujifunga, kurasa zikapita, picha zikageuka. Mwisho namba ikatoka, kubwa kuliko ile ya mwanzo. Mwalimu wa taaluma akaniangalia mimi, kisha akamwangalia mama. Wala hakuwa na kiburi, alikuwa na huruma tu, na nadhani huruma ile ndiyo iliyomuumiza mama zaidi.

Mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge.

"Mwanangu, hizo kazi zote mashine ilizofanya hapo, zilikuwa kazi za nani?"

Sikuelewa. Nikamwambia ni kazi za ofisini.

"Ofisi ipi? Mimi hapa sipigi simu ya video. Sipunguzi picha. Mimi naingiza alama. Umeipima kwa kazi nisiyoifanya, halafu ndiyo nifukuzwe nayo."

Hakupaza sauti. Ningekuwa mimi ningepaza. Mwalimu akaanza kusema kwamba hakuna anayemfukuza. Katika miaka yote ya kupima, swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Nikainuka, nikamrudishia kiti chake.

"Fanya kazi, mama, mimi nitakaa nyuma yako."

Akavua flashi shingoni, akaichomeka, akafungua jedwali lake. Ilikuwa kidato cha pili, Hisabati. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, naapa, vyepesi kuliko vyangu. Akaandika namba, akabonyeza kuhifadhi, kisha akainua mikono yote miwili juu ya kibodi akasubiri. Kioo kikaganda. Taa ndogo ya flashi ikapepesa. Kioo kikarudi, akashusha mikono, akaandika namba ya pili, akahifadhi, akainua tena mikono. Nikatoa simu nihesabu. Sekunde saba kwa kila alama.

"Mama, kwa nini unasevu kila namba?"

Kabla hajajibu, umeme ukakatika. Kwetu hilo si jambo la kushangaza, lakini mimi nilishtuka kama mpimaji anavyoshtuka, nikaanza kuhesabu kichwani tumepoteza nini. Mama hakuhesabu chochote. Alichomoa flashi, akaivaa, akaenda kunywa maji kwenye ndoo iliyo pembeni. Umeme uliporudi aliwasha, akafungua jedwali, akaniwekea kidole kwenye kioo, pale pale tulipoishia.

"Kumi na tisa. Niliishia kwa huyu, nimemkuta."

Ndipo akanisimulia. Mwaka mmoja kompyuta ya zamani, ile ambayo sasa ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa kwenye kona, ilikufa na alama zote za kidato cha nne ndani yake. Aliziingiza upya kutoka kwenye makaratasi, peke yake, na wanafunzi wakapata ripoti zao za maendeleo kwa wakati. Tangu siku hiyo haamini kitu kilichomo ndani ya boksi. Anaamini kilicho shingoni mwake, na anahifadhi kila alama kwa sababu kila alama ni mtoto wa mtu.

Tukaifunua ile ya kona, tukaiwasha. Ilichukua muda kuwaka kiasi cha kuaibisha. Lakini mama alipochomeka flashi na kuandika namba, ilihifadhi kwa sekunde moja tu. Sikuhitaji kutafuta sababu mbali. Programu ya kukinga virusi, ile niliyoiweka mimi kwa wema wangu, ilikuwa inaikagua flashi nzima upya kila mama anapohifadhi. Wanafunzi mia sita, masomo kumi, sekunde saba saba. Nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya kipimo: karibu saa kumi na mbili za kukaa umeinua mikono hewani. Na programu yangu ya kupimia, iliyotengenezwa na watu wasiojua umeme kukatika, ilikuwa inahifadhi kazi yake mara moja tu, mwishoni. Wao wana haki ya kupima hivyo. Mimi nimekulia hapa, sikuwa na udhuru.

Mwalimu wa taaluma alikuwa ameshanichapia taarifa, imebaki sahihi. Ilisema mashine ni nzima na ucheleweshaji hautokani nayo. Nilikaa nayo mkononi. Nitasema kweli, niliwaza jina langu. Niliwaza yule mwanamume wa Buzuruga akisikia. Hata niliwaza maneno ya katikati, yale ya kumwokoa mama bila kunigusa mimi, na maneno hayo yapo, mtu yeyote aliyewahi kuandika taarifa anayajua.

Kisha nikaomba karatasi nyeupe. Niliandika kwa mkono: Kompyuta hii ilipimwa kwa kazi isiyofanywa katika ofisi hii. Kwa kazi inayofanywa hapa, ni nzito kuliko ya zamani. Karani hana kosa. Kosa ni la mpimaji. Nikasaini, nikafungua kitambaa, nikagonga mhuri. Wino ulitoka vizuri, duara zima bila doa. Sijawahi kuujivunia mhuri ule kama nilivyojivunia dakika hiyo.

Mwalimu aliisoma mara mbili. Akatoka nayo kwenda kwa mkuu wa shule. Aliporudi alimwambia mama, "Mama, tusamehe," na mama akasema yameisha, tuendelee, kidato cha pili kinasubiri.

Kurekebisha hakukunichukua muda. Nilitaka jedwali lihifadhiwe ndani ya kompyuta, na nakala iende yenyewe kwenye flashi kimya kimya huku yeye akiendelea kuandika. Mama akakataa. Atajuaje imefika? Tukaangaliana. Nikamwonyesha ile taa ndogo: kila nakala inapoingia, inapepesa. Akaandika alama tano mfululizo, mikono haikuinuka hata mara moja, macho yakiwa kwenye taa. Ilipepesa mara tano. "Hapo sawa," akasema. Alama za shule nzima zilikamilika wiki hiyo hiyo.

Tangu hapo siipimi kompyuta ya mtu kabla sijakaa nyuma ya mtu mwenyewe angalau nusu siku. Wateja wengine wananiona nasumbua. Na kwenye kipimo changu nimeongeza vitu viwili ambavyo havikuwamo: kuhifadhi kila baada ya namba moja, na kuchomoa waya ukutani katikati ya kazi. Wauzaji wa mjini wanajua nikiinama chini ya meza nafuata nini, na wapo wanaogeuza uso.

Mwaka uliofuata shule ile ilitaka kompyuta nyingine tano. Mwalimu wa taaluma akanipigia nikawapimie. Nikamwambia nitakuja na mpimaji, gharama ni nauli yake ya kivuko tu. Mama alivuka asubuhi, amevaa kitenge kipya, flashi shingoni. Tukaingia kwenye duka moja mjini, muuzaji akatupangia mashine kumi mezani, kila moja na karatasi yake ya namba juu yake, maana siku hizi na wao wanachapa.

Mama hakuisoma hata moja. Alivuta kiti, akachomeka flashi, akaandika kumi na tisa, akahifadhi, akaangalia taa. "Hii inanisubirisha." Akahamia ya pili. "Hii nayo." Kwenye ya tatu aliandika namba nne bila kuinua mikono, akanitazama, nami nikainama nikachomoa waya. Muuzaji aliinuka kwenye kiti chake. Tulipowasha tena, alama zote nne zilikuwepo, na mama akaitikia kwa kichwa kwamba hiyo inafaa.

Ilipofika saa sita alikuwa ameshachagua tano. Nikatoa karatasi zangu, nikaanza kuandika alivyosema, mashine moja baada ya nyingine. Muuzaji akaja karibu, akaniuliza chini chini yule mama ni nani, mkaguzi kutoka wapi.

"Huyo ndiye anayepima," nikamwambia. "Mimi nagonga mhuri tu."